Kwa nini nyimbo za klabu hutolewa kwenye santuri kubwa

Lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, Uganda, hutoa muziki wa kielektroniki si kwenye intaneti pekee, bali pia kwenye santuri za inchi 12. Desturi ya kuupa wimbo mmoja wa klabu santuri kubwa kiasi hicho ilianza enzi za disko. Besi nzito huhitaji mfereji mpana. Wimbo mrefu ukibanwa kwenye inchi 7, mifereji husongamana na fundi hulazimika kupunguza sauti ili sindano isiruke. Waliopewa kwanza santuri hizo ni madijei wa Marekani. Mwaka 1976, kampuni ya Salsoul ya New York iliwauzia wateja wa kawaida “Ten Percent” wa kundi la Double Exposure, uliorefushwa na dijei Walter Gibbons kupita dakika 9.