Utelezi wa kostiki

Anayetengeneza sabuni nyumbani anaujua utelezi ule. Maji ya kostiki yakimdondokea vidoleni, ngozi huteleza kama iliyopakwa mafuta, wala haiumi sana mwanzoni. Wengi hujifuta kwa kanga wakaendelea kukoroga. Utelezi huo ni sabuni kweli: kostiki, yaani haidroksidi ya sodiamu, imeanza kuyafanyia mafuta ya ngozi yako kile inachoyafanyia mawese ndani ya ndoo.

Tindikali ikiunguza, mara nyingi hugandisha protini za juu, na gamba linalotokea huizuia kiasi isizame. Kostiki haipati kizuizi hicho. Huyeyusha mafuta na protini, ikazidi kuchimba hata maumivu yakiwa madogo. Ndiyo maana tone moja linaweza kupofusha jicho. Maji safi yamiminwe papo hapo, kope zikiwa zimefunuliwa, kwa dakika 20 au zaidi, ndipo safari ya hospitali ianze. Ndimu na siki ziachwe: huongeza joto juu ya jeraha, na muda wa kuzitafuta ndio ule jicho lilipohitaji maji.

Ajali nyingine huanzia kwenye vyombo. Ukimwaga maji juu ya kostiki, huchemka ghafla na kukurukia usoni. Kostiki ndiyo hutiwa ndani ya maji baridi, kidogo kidogo. Sufuria ya alumini huliwa na kostiki ikatoa haidrojeni, gesi inayolipuka ikikutana na moto wa jiko.

Lakini chombo kinachonitia uchungu kuliko vyote ni chupa ya maji ya kunywa. Maji ya kostiki yakipoa hayana rangi. Mama aliyebakiza nusu lita huyatia kwenye chupa iliyo karibu, na mtoto akitoka kucheza ana kiu. Funda moja linatosha. Koo na umio huungua, kisha kovu hujivuta na kuubana umio: mtoto aliyenusurika siku ya kwanza, wiki kadhaa baadaye anashindwa kumeza ugali, halafu hata uji. Madaktari hulazimika kuupanua umio huo tena na tena, wakati mwingine kwa miaka. Mtoto wa namna hii asitapishwe, maana kinachopanda humuunguza mara ya pili. Apelekwe hospitali mara moja, na chupa ile ipelekwe pamoja naye.

Katika mafunzo ya vikundi vya sabuni, rangi na manukato hupewa muda mwingi. Naomba mizani nayo ipewe wake: pima kostiki ya kazi ya siku hiyo tu, pasibaki nusu lita ya kutafutiwa chupa.