Simu ni yako, lakini ufunguo uko kwa nani?

Enda pale Kawangware 46 na uweke kisimu chako cha kitambo kwenye meza ya fundi. Skrini iko poa, betri inakaa, spika inalia. Shida ni moja tu: WhatsApp imekataa. Tangu Januari 1, 2025 haifanyi kazi kwenye Android 4.4, na waliounda simu waliacha kukutumia apdeti kitambo. Utaambiwa ununue nyingine.

Na pesa gani? Kama unategemea mjengo ama kufua nguo Lavington, unajua mdosi anakutafuta kwa WhatsApp. Usipoonekana, kazi inaenda kwa mwingine.

Sasa sikia hii. Samsung Galaxy S5 ilitoka 2014 ikiwa na hiyo hiyo Android 4.4. Samsung waliifikisha Android 6, wakaachia hapo. Halafu kuna LineageOS, mradi wa watu wa kujitolea ulioanza mwisho wa 2016. Hao waliisukuma simu ile ile hadi Android 11. Kumbe mashine bado ilikuwa na nguvu!

Lakini si kila simu itakubali. Ndani kuna kufuli inayoitwa butiloda, ndiyo huamua ni programu gani itaiwasha simu. Ikiwa imefungwa, inatambua ya kampuni pekee. Kuna kampuni zinazokupa njia ya kuifungua, na kuna zinazokunyima kabisa. Na ukifungua, kila kitu hufutika, kwa hivyo hifadhi picha zako kwanza. Jua pia kwamba programu nyingi za benki zinaweza kukugomea.

(Usichanganye na simu ya lipa mdogo mdogo. Ile imefungwa juu ya deni. Maliza deni, boss.)

Ulaya wamebana kiasi: kwa simu zinazoingia sokoni huko tangu Juni 20, 2025, sheria inataka apdeti zipatikane kwa angalau miaka 5 baada ya modeli kuacha kuingizwa sokoni. Poa, lakini mwaka wa sita je? Mimi naona siku kampuni inaacha kunitumia apdeti, initumie ufunguo. Simu nilishalipia.

Kwa sasa, kabla ununue simu ya mkono wa pili pale Toi, Kibera, usiulize kamera pekee. Uliza kama butiloda ya modeli hiyo inafunguka, na uangalie kama iko kwenye orodha ya LineageOS. Muuzaji akikosa jibu, tafuta fundi kabla utoe pesa.