Baba panya na wana wake wanne: yale filamu ya Tortues Ninja inatuambia sisi wazazi

Watoto wetu wanawajua Tortues Ninja vizuri. Wanawaona kwenye mifuko ya shule, kwenye fulana za mitumba, na kwenye filamu zinazopita kutoka telefone moja hadi nyingine. Kobe wanne wenye vitambaa machoni, wanapigana na kula pizza. Wengi wetu tukiona hivyo tunasema ni mambo ya watoto, kisha tunarudi kwenye kazi zetu. Juma hili tunawaomba mketi nao, kwa sababu moja ya filamu hizo inazungumza na mzazi kuliko inavyozungumza na mtoto.

Kwa Kiingereza inaitwa Teenage Mutant Ninja Turtles: Mutant Mayhem. Ilitoka mwezi wa 8 mwaka 2023. Ni katuni ya dakika 99 iliyoongozwa na Jeff Rowe wa Marekani. Kwa nje ni filamu ya mapigano. Kwa ndani ni habari ya baba anayelea watoto wanne peke yake, na ambaye anaogopa kuwaacha watoke nje.

Kobe hawa walitoka wapi

Mwaka 1983 vijana wawili Wamarekani, Kevin Eastman na Peter Laird, walikuwa wakichekeshana kwa michoro. Mmoja alichora kobe mwenye silaha, wa pili akachora wake, na baadaye kobe wakawa wanne. Mwezi wa 5 mwaka 1984 walitoa kitabu chao cha kwanza cha picha, kwa wino mweusi na karatasi rahisi, nakala 3,000 hivi. Sehemu ya pesa walikopa kwa mtu wa jamaa ya Eastman. Sisi tunaocheza likelemba tunajua mtaji wa namna hiyo.

Wale kobe waliwapa majina ya wasanii wakubwa wa Italia wa zamani: Leonardo, Donatello, Raphael na Michelangelo. Mwaka 1987 waliingia kwenye televisheni, na mwaka 1990 kwenye sinema. Baadaye zikaja filamu nyingine, hata za mwaka 2014 na 2016. Kisha ikapita miaka 7 bila filamu yao mpya katika majumba ya sinema. Ile ya 2023 ndiyo iliyowarudisha, na iliwarudisha kwa njia tofauti.

Kwanza, waliotoa sauti za kobe hao ni vijana wa kweli, si watu wazima wanaojifanya watoto. Waliwekwa pamoja katika chumba kimoja wakirekodi, wakaachwa wakatishane maneno, wachekane, waongee wote kwa mara moja. Ukisikiliza utafikiri ni wanao wanabishana nyuma ya nyumba. Pili, picha zake zimechorwa kama zile ambazo mwanafunzi anazichora pembeni mwa daftari mwalimu akigeuka: mistari imepinda, nyuso haziko sawa, rangi zinatoka nje ya mstari. Watengenezaji walitaka hivyo, ili dunia ya filamu ifanane na macho ya kijana.

Baba anayeitwa Splinter

Splinter alikuwa panya wa kawaida katika mitaro ya maji machafu chini ya jiji la New York. Hakuwa na mtu. Siku moja alikuta kobe wachanga wanne wamelowa katika dawa ya kijani ambayo ilitoka kwa mtaalamu mmoja na kumwagika mtaroni. Dawa hiyo iliwabadilisha wote, yeye pamoja nao. Wakapata akili na maneno, wakaweza kusimama kama watu. Splinter akawachukua akawafanya wanawe. Sauti yake ni ya Jackie Chan, yule ambaye baba za watoto wetu walimtazama katika kanda za video walipokuwa vijana.

Watoto walipokuwa bado wadogo, Splinter alijaribu kuwapandisha juu, kwenye mwanga, katikati ya watu. Watu walipiga kelele, wakawafukuza, wakataka kuwaumiza. Alikimbia nao chini. Tangu siku ile aliweka sheria moja: watu ni hatari, tusiwakaribie kamwe. Akawafundisha kupigana kwa kutazama filamu za zamani, ili siku wakikamatwa wajitetee. Wakiwa wakubwa aliwaruhusu kutoka usiku tu, kuchukua chakula na vitu vya nyumbani, kisha kurudi bila kuonekana.

Sasa wana miaka 15. Wanajificha juu ya paa na kutazama sinema inayoonyeshwa hadharani, ndani yake vijana wanasoma, wanacheka, wana marafiki. Nao wanataka hayo tu: kwenda shule na kuwa na mtu wa kuongea naye zaidi ya ndugu zao.

Woga wake si upumbavu

Tunataka kusema jambo hili wazi, kwa sababu sisi tunaishi katika nchi ambayo mama ana sababu za kuogopa. Kuna kati yetu waliokimbia usiku na mtoto mgongoni. Kuna waliosubiri mtoto arudi kutoka kuchota maji wakihesabu kila dakika. Mama wa namna hiyo akisema "usipite ile kona", hahitaji mtu wa kumcheka. Filamu pia haimcheki Splinter. Aliona kwa macho yake.

Lakini filamu inaonyesha gharama ya woga ule, na gharama yenyewe inalipwa na watoto. Gharama ya kwanza ni uongo. Kobe wale wanakawia njiani, na baba akiuliza hawamwambii ukweli wote. Si kwa kuwa ni wabaya. Nyumba yenye jibu moja tu, "hapana", inafundisha mtoto kuacha kuuliza. Na mtoto akiacha kuuliza, mzazi hajui tena yuko wapi wala yuko na nani. Splinter alijenga ukuta ili awalinde, na ukuta huo ukamzuia yeye mwenyewe kuwaona.

Gharama ya pili inaumiza zaidi. Watoto wale wameamini kwamba hawawezi kupendwa vile walivyo. Kwa hiyo wanapanga kufanya tendo kubwa la ushujaa: wamkamate mwizi hatari anayesumbua jiji, ili watu wawashangilie na kuwakubali. Tufikirie hilo kidogo. Ni watoto wangapi katika kartiye zetu wanaodhani kwamba bila kuwa wa kwanza darasani, au bila kuleta franga nyumbani, hawana thamani? Splinter hakuwahi kuwaambia hivyo. Waliyachukua wenyewe kutoka katika woga wake.

Mzazi wa pili: Superfly

Mwizi wanayemtafuta ni nzi mkubwa anayeitwa Superfly. Na hapa ndipo filamu inapokuwa na akili. Superfly si mgeni kwao. Ametoka katika dawa ileile. Mtaalamu aliyeitengeneza alikuwa kama baba kwake, akafa. Superfly, kama mkubwa, akabaki analea wadogo zake, wanyama wengine waliobadilishwa kama yeye. Naye amechukiwa na watu. Mipango yake ni kutengeneza mashine itakayobadilisha wanyama wote wa dunia, ili wawatawale na kuwamaliza binadamu.

Kwa hiyo tuna wazazi wawili wenye kidonda kimoja. Mmoja anasema: watu wanatuchukia, tujifiche. Wa pili anasema: watu wanatuchukia, tulipize. Wadogo wa Superfly wanamfuata kwa sababu ndiye mkubwa pekee waliyenaye, na kwa sababu kwake wanapata chakula, jina na familia. Si kwamba wana mioyo mibaya. Wakiona kuna njia nyingine, wanamwacha.

Wamama wa huku hatuhitaji kuelezwa sana. Tumewaona vijana waliochukuliwa na watu wenye maneno kama ya Superfly. Mara nyingi yule anayewachukua haanzi kwa kuwapa silaha. Anaanza kwa kuwaambia kwamba hakuna anayewapenda isipokuwa yeye. Kijana aliyefundishwa nyumbani kwamba watu wote wa nje ni wabaya amekwisha kusikia nusu ya hotuba hiyo. Yule mtu anamalizia nusu iliyobaki. Ndiyo maana tunasema filamu hii ya katuni si ya kuchezea.

Msichana anayeitwa April

Anayewafungulia kobe mlango wa dunia ni msichana wa shule, April O'Neil. Anataka kuwa mwandishi wa habari. Lakini siku moja aliposoma habari mbele ya kamera ya shule alishikwa na woga akatapika, na tangu hapo wenzake wanamcheka. Kobe wanamsaidia kuipata pikipiki yake ndogo iliyoibwa, na urafiki unaanzia hapo.

Kuna mambo mawili ya kuwaonyesha binti zetu. April amechorwa kama msichana mweusi, mwenye miwani na mwili wa kawaida, na filamu haimfanyi mrembo wa kutazamwa. Anapendwa kwa akili yake na ubishi wake. Na mwishoni, jiji likiwa katika hatari na watu wakidhani kobe ndio maadui, ni April anayesimama tena mbele ya kamera. Anatetemeka, lakini anasema ukweli: hawa ni marafiki. Watu wanasikia, wanageuka, wanaanza kuwasaidia. Mateke ya ninja peke yake yasingetosha.

Na Splinter? Watoto wake wanapokamatwa na kufungwa katika maabara, yule baba aliyeapa kutokwenda kwa watu anatoka na kuwafuata. Katika pigano la mwisho anaona watu wa kawaida, wasiomjua, wanamsaidia yeye na wanawe. Anawakubalia watoto wake kwamba woga wake ulizidi. Hapungukiwi na heshima kwa kusema hivyo. Wanampenda zaidi, na mwishowe wanakwenda shule.

Mkiitazama nyumbani

Nchini Marekani filamu hii imewekwa katika fungu ambalo mzazi anaombwa kuongoza. Sisi tunashauri hivi.

Watoto wa chini ya miaka 6 au 7 wanaweza kuogopa. Karibu na mwisho Superfly anageuka dubwana kubwa sana, na ile sehemu ya maabara, ambapo kobe wanafungwa kwenye mashine, si ya kuonyesha mdogo kabla ya kulala. Kuna pia matapishi na maneno machache ya utovu wa adabu.

Leonardo ana panga mbili, Raphael ana visu vya ncha tatu, Donatello ana fimbo, na Michelangelo ana vijiti viwili vyenye mnyororo. Baada ya filamu watoto wataokota vijiti. Tuwaambie mapema: kucheza ndiyo, lakini kijiti hakielekezwi kwenye jicho la mwenzako.

Filamu inapatikana kwa Kiingereza na Kifaransa, na inaongea haraka. Mkubwa aliye shuleni awaelezee wadogo na bibi. Msimamishe mara kwa mara. Kutazama polepole pamoja kuna faida kuliko kumaliza haraka.

Kisha waulizeni, bila kuwapa jibu ninyi kwanza:

Kwa nini Splinter aliwaficha watoto wake? Alikosea wapi, na wapi alikuwa na haki?

Ni jambo gani ungeogopa kuniambia mimi?

Splinter na Superfly wanatofautiana katika nini?

Katika kartiye yetu, ni nani anafukuzwa au kuchekwa bila kosa lolote?

Swali la mwisho tusilipite upesi. Mtoto atataja labda mwenzake mwenye ualbino, au mtoto wa familia iliyokimbia vita inayolala shuleni, au yule ambaye jirani wanamwita mchawi. Hapo filamu imetoka New York na kuingia uani kwetu, na jibu la mama litakumbukwa kuliko mapigano yote.

Hatusemi tufungue milango yote. Jioni ikifika tutaendelea kuwaita watoto ndani. Lakini badala ya kumwambia mtoto kwamba watu wote ni wabaya, tumpe majina: huyu mama wa jirani, huyu mwalimu, huyu shangazi, ukipata shida kimbilia kwake. Tumruhusu kwenda mbali kidogo kadiri anavyorudi na kusema ukweli. Na siku akirudi na habari tusiyoipenda, tusikilize hadi mwisho kabla ya kukasirika, ili kesho arudi na nyingine.

Katika vikundi vyenu, mama mmoja mmoja aje na jibu moja alilopewa na mtoto wake, bila kutaja jina la mtoto. Tutayazungumza pamoja.