Roma kwa Masharti ya Uluguru

Anayecheza Rome: Total War upande wa Warumi hukutana na tabu mbili. Mwanzoni fedha hazitoshi na maadui wamemzunguka. Baadaye, akishajaza hazina na kumiliki majimbo ishirini hivi, hapati tena wa kumsumbua, na gemu linageuka kazi ya kukusanya kodi. Tabu hii ya pili ndiyo inayowafanya wengi waache katikati. Gemu lenyewe lilitoka mwaka 2004 kwa kompyuta, na tangu Desemba 2018 linachezeka pia kwenye simu za Android. Kwa hiyo mtu wa Matombo, kwenye miteremko ya mashariki ya Uluguru, halazimiki kushuka Morogoro mjini ndipo aitawale Italia. Anachohitaji ni simu yenye nafasi, chaji, na masharti ya kujiwekea ili ushindi usije kirahisi.

Kwanza misingi. Mchezo unaanza mwaka 270 kabla ya Kristo, na kila zamu ni nusu mwaka. Mchezaji huchagua mojawapo ya koo tatu: Julii wa kaskazini wanaopakana na Wagauli, Brutii wa kusini wanaoikodolea macho Ugiriki, na Scipii ambao njia yao inapitia Sicily kwenda Carthage. Juu yao ipo Seneti, iliyoshika Roma yenyewe na kutoa amri. Ushindi kamili unadai majimbo 50, Roma ikiwemo, kabla ya mwaka 14 baada ya Kristo.

Brutii ndio rahisi kuliko wote, kwa sababu miji ya Kigiriki ni tajiri na biashara ya baharini inalipa. Kwa ukoo wowote, wajumbe watangulie kabla ya majeshi: mkataba wa biashara na jirani huingiza fedha kila zamu bila kumwaga damu. Askari nao wasiandikishwe ovyo, maana kila kikosi kinatolewa kwenye idadi ya watu wa mji, na kijiji kidogo kikikamuliwa hakikui. Vitani, safu ya mbele ya askari wa miguu waitwao hastati irushe mikuki kwanza, wenzao waitwao principes wasubiri nyuma yao, na wapanda farasi wazunguke kumpiga adui mgongoni wakati ameshabanana na askari wa miguu. Mbinu hiyo moja hushinda mapigano mengi, na ndiyo sababu masharti yanahitajika.

Wacheza bao hawatashangazwa na wazo hili. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na kila mchezaji huanza na kete 22 mkononi anazoziingiza moja moja wakati wa namua. Aliye na nafasi ya kula lazima ale, hata kama kula huko kunamharibia mipango. Bila kifungo hicho, bao lingekuwa jambo la kuhesabu tu.

Sharti la kwanza ambalo wachezaji wazoefu wa Rome hujiwekea ni kutorudi nyuma: vita ikiharibika, hakuna kufungua mchezo uliohifadhiwa dakika kumi zilizopita. La pili ni gumu zaidi kuliko linavyosikika. Mji ukitekwa, gemu hutoa njia tatu: kuukalia tu, kuwafanya watu watumwa, au kuwaua. Kuua huleta fedha papo hapo na kunyamazisha ghasia, na kwa hesabu tupu ndiyo njia yenye faida katika miji mikubwa. Anayejikataza njia hiyo hulazimika kuacha jeshi zima likilinda mji mmoja kwa miaka huku akijenga mahekalu na kupunguza kodi. Kasi yake inashuka sana. Hapo ndipo gemu linapoanza kufanana na utawala.

Sharti la milima linafaa kutoka Uluguru kwenyewe, kwani Matombo iliwahi kuwa ndani ya ramani ya Vita Kuu ya Kwanza. Majeshi ya Jenerali Smuts wa upande wa Waingereza yaliingia Morogoro tarehe 26 Agosti 1916, yakiwa mengi kuliko ya kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, na yenye silaha zaidi. Smuts akayagawa pande mbili za milima ili akamfungie Mjerumani kule Kisaki: kundi moja lipite magharibi kwa Mlali na Mgeta, jingine mashariki kwa Matombo. Katikati yao ulikuwa mlima. Farasi walikufa kwa mbung'o, mizigo ilichelewa na malaria iliwalaza askari. Septemba 7 kikosi cha Brits, kamanda wa kundi la magharibi, kilirudishwa nyuma Kisaki. Kesho yake kikosi kingine cha Smuts, cha kamanda Nussey, bila kujua kwamba mwenzake ameshaondoka, nacho kikapigwa mahali pale pale. Lettow-Vorbeck akapata nafasi ya kujiondoa kuelekea kusini.

Mchezaji wa Rome anaweza kujipa adhabu kama hiyo ya Smuts: kila mji wa adui ushambuliwe na majeshi mawili yanayotoka njia tofauti, na lolote likifika kabla ya jingine lipigane peke yake. Kwenye milima ya Alps sharti hili linatesa. Katika gemu jingine, Civilization VI, ambamo Roma inaweza kuongozwa na Trajan, milima ni neema: bafu la Kirumi huchukua nafasi ya mfereji wa maji na linaweza kujengwa kando ya mlima au mto.

Lakini sharti lenye ladha kuliko yote kwa mtu wa Matombo ni la urithi. Katika Rome wanawake hawatawali mji wala kuongoza jeshi. Binti akiolewa, mumewe anaingia kwenye ukoo na kuwa jenerali, na watoto wao wanahesabiwa humo. Mluguru, ambaye ukoo na ardhi vyake vinafuata upande wa mama, ataona mara moja mlango uliobaki wazi. Gemu linaruhusu mchezaji kumteua mrithi, kwa hiyo sharti ni hili: mkuu wa ukoo asirithiwe na mwanawe, arithiwe na mpwa, mtoto wa dada yake.

Sharti hilo haliko mbali na Roma ya kweli. Julius Caesar alipouawa mwaka 44 kabla ya Kristo, aliyetajwa kwenye wosia wake kuwa mrithi mkuu alikuwa Octavian, kijana wa miaka 18, mjukuu wa dada yake Julia. Ndiye aliyekuja kuitwa Augusto na kufariki mwaka 14, mwaka ule ule ambao gemu linafunga hesabu.

Ugumu wake unaonekana taratibu. Mvulana hashiki jeshi wala mji kabla ya kufikisha miaka 16, sawa na zamu 32. Kwa hiyo mabinti wanakuwa mtaji mkubwa wa ukoo: mchumba akijitokeza, mchezaji apime sifa zake kabla ya kumkubali. Wakati huohuo ushindi unampa mkuu wa ukoo umaarufu kwa wananchi, Seneti inamwonea wivu, na siku moja inamtaka ajiue. Akikataa, vita vya wenyewe kwa wenyewe vinaanza. Mchezaji mwenye mpwa mmoja tu wa miaka kumi na mbili wakati huo, aliyejikataza pia kurudi nyuma, hana budi kuiendea Roma akiongozwa na mjomba mzee, na kumlinda asife kwa zamu nane.