Choo Kigumu kwa Watoto Wadogo

Kila msimu wa karafuu mama wengi huhamia dago pamoja na watoto wao, na kila msimu tunaulizwa swali lile lile: mtoto hajapata choo siku tatu, je, tumpe haluli? Jibu letu ni hapana, na sababu zake ni hizi.

Mifano tutaichukua Kyela, kaskazini ya Ziwa Nyasa. Wenzetu wa huko ni watu wa mashamba ya miti kama sisi, maana kakao nyingi ya Tanzania hutoka kwao, na chakula chao si mbali na cha Pemba: wali, ndizi na samaki. Mchele wao nao si mgeni masufuriani mwetu, ingawa bei yake yataka karafuu ya daraja la kwanza.

Kwanza tuelewane. Kufunga choo si kuhesabu siku. Ni choo chenyewe kuwa kikavu, vidonge vidonge kama vya mbuzi, na mtoto kuumia akikitoa. Mtoto anyonyaye maziwa ya mama peke yake, akishapita wiki sita hivi, aweza kukaa hata siku saba, kisha choo kikaja laini. Huyo si mgonjwa, maadamu ananyonya, anakojoa, na uzito wapanda katika kadi yake ya kliniki. Hata yule anayejikamua na kulia, kisha kikatoka choo laini, anajifunza kazi tu. Bado hajajua kusukuma na kulegeza kwa wakati mmoja.

Shida huanza hasa baada ya miezi sita, chakula kiingiapo. Utumbo mpana kazi yake mojawapo ni kunyonya maji. Choo kikikawia humo hukauka, na kikikauka huchana njia. Mtoto akishaumia mara moja huogopa, akajizuia, akabana miguu. Kumbe kile alichokizuia chazidi kukauka. Mwisho utumbo hutanuka na kupoteza hisia, na choo cha maji hupenya pembeni ya kile kigumu na kuchafua nguo. Hapo mama hudhani ni kuhara, akatafuta dawa ya kufunga! Kosa hili tumeliona zaidi ya mara moja.

Kyela mvua ni nyingi na ndizi hazikosekani, na mtoto aweza kulelewa kwa uji wa mchele na ndizi mbichi za kupikwa. Ni chakula chema, lakini peke yake hufunga. Wataalamu wa Bangladesh walieleza mwaka 2001 kwamba ndizi mbichi zilizopikwa zilisaidia watoto wenye kuhara kwa muda mrefu. Basi kinachomfaa mwenye kuhara hakimfai aliyefunga. Mtoto huyo apewe ndizi iliyoiva sawasawa, papai, embe, chungwa, maharage yaliyopondwa, mboga za majani, na maji safi ya kunywa mara kwa mara, hasa siku za joto. Papai laota nyuma ya jiko Kyela na Wete vile vile. Hakuna haja ya kununua kitu.

Aliye chini ya miezi sita asipewe maji wala matunda, azidishiwe kunyonya. Anayelishwa maziwa ya kopo, tazameni kipimo, kwani unga ukizidi maji choo hukauka. Mtoto mkubwa kidogo akalishwe chooni baada ya kula, dakika tano hivi, miguu ikanyage kitu, wala asigombezwe.

Sasa haluli. Hiyo, na sanamaki, na mafuta ya mbarika, na bomba la maji ya sabuni, vyaweza kumkausha mtoto maji au kumuunguza utumbo. Zipo dawa za kulainisha, lakini apime daktari. Asali nayo isionjeshwe aliye chini ya mwaka mmoja, hata kidogo: yaweza kubeba vijidudu vyenye sumu ya kulegeza mwili, na dalili yake ya kwanza mara nyingi ni huko kufunga choo.

Yako mambo yasiyongoja. Mtoto aliyezaliwa akipitisha siku mbili bila kutoa kile choo cheusi cha kwanza, huenda mwisho wa utumbo wake hauna mishipa ya fahamu. Ni maradhi aliyoyaeleza Harald Hirschsprung wa Denmark mwaka 1886, na siku hizi hutibiwa kwa kupasuliwa. Tumbo kuvimba na kukaza, kutapika kijani, choo chenye damu na utelezi, kulia kwa vipindi huku akikunja miguu, kukataa ziwa au kulegea: yoyote kati ya hayo ni hospitali siku ile ile. Huko Matema, milima ya Livingstone yashuka hadi ziwani, na kuna wanaofika kwa mtumbwi. Wa Kojani na Makoongwe wanaijua safari ya namna hiyo. Basi chombo kiondoke usiku huo huo, kisingoje alfajiri.