Supu Chungu ya Bonde la Ufa

Mtu wa Pwani akifika Naivasha au Nakuru huenda akakaribishwa supu chungu ya nyama iliyochemshwa na magome ya mti wa miiba. Wamaasai huuita olkiloriti, na wengi husema husafisha moyo.

Miaka ya 1960, daktari George Mann wa Marekani aliwapima Wamaasai wa Tanganyika. Wala nyama na maziwa hao walikutwa na mafuta machache katika damu! Mann hakuusifu mti. Aliisifu miguu yao.

Nakuru mjini supu ipo, lakini miguu imepanda matatu. Uchunguzi wa 2007 na 2008 kwa wenye miaka 50 na zaidi ulikuta karibu nusu yao wana presha, na watu wa mjini waliwazidi wa mashamba.

Nasi tusicheke. Wako wanaoshika habasoda na kitunguu saumu wakatupa vidonge vya hospitali, ati hawasikii maumivu. Presha haiumi, hunyamaza hata siku ya kiharusi. Tena saumu nyingi pamoja na dawa za kuzuia damu kuganda huweza kumtoa mtu damu, basi daktari aambiwe. Achari na papa wa chumvi vipunguzwe, na msikitini, kama si mbali, twende kwa miguu.