Mtoto akiandikiwa CT skani, tuogope mionzi?

Mtoto ameanguka kutoka juu ya mwembe. Anatapika, na macho yanamlegea kwa usingizi. Daktari anaandika apigwe CT skani ya kichwa. Papo hapo ndugu mmoja anamvuta mama pembeni na kumnong'oneza: "Usikubali, mashine ile inaleta kansa." Mama afanye nini? Mwezi huu tumeona vema tulieleze jambo hili.

CT skani hutumia mionzi ya eksirei, ile ile ya picha ya kifua, ila kwa wingi zaidi. Mashine humpiga mgonjwa kutoka pande zote, kisha kompyuta huunganisha vipimo na kutoa picha ya ndani ya mwili, kipande kwa kipande, kama mkate wa slesi. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya namna hii mjini London mwaka 1971, kwa mashine iliyobuniwa na Mwingereza Godfrey Hounsfield.

CT ya kichwa humpa mtu mionzi ya kama milisiveti 2. Hiyo inakaribia ile ambayo kila mmoja wetu huipata kwa mwaka mzima kutoka ardhini, angani na katika chakula. Mwaka 2012 wataalamu nchini Uingereza walitoa matokeo ya uchunguzi wa watu karibu 180,000 waliopigwa CT wakiwa watoto na vijana. Waliona kwamba hatari ya kansa ya damu na ya uvimbe wa ubongo huongezeka kadiri mionzi inavyozidi, ingawa kwa mtoto mmoja mmoja hatari hiyo ni ndogo. Basi yule ndugu hakusema uongo mtupu. Alichosahau ni kwamba damu inayovuja ndani ya kichwa yaweza kuua kwa saa chache.

Kwa nini wasipunguze mionzi tu? Kwa sababu mionzi ikipungua, picha huingia chenga, kama televisheni ambayo antena yake imegeuzwa na upepo. Mionzi ikibaki robo, chenga huwa mara mbili.

Hapo ndipo kompyuta inapotusaidia. Kwa miaka mingi ilitengeneza picha kwa mkupuo mmoja, maana haikuwa na nguvu ya kufanya zaidi. Tangu mwaka 2009 hivi, mashine mpya zilianza kufanya hesabu kwa kurudia. Kompyuta hutunga picha, halafu hujiuliza: kama mwili ungekuwa hivi, mionzi ingepita vipi? Hulinganisha jibu na vipimo halisi, husahihisha, hurudia tena, kama fundi cherehani anayekujaribisha nguo na kupunguza panapozidi. Tangu 2019 zimeingia pia kompyuta zilizofundishwa kwa picha nyingi kutenganisha chenga na kiungo. Kwa njia hizi mara nyingi mionzi imeweza kupunguzwa hata kwa theluthi au nusu, na picha ikasomeka.

Lakini kila kitu kina mpaka wake. Anayepeta kwa pupa humwaga makapi pamoja na mchele. Vivyo hivyo, picha ikisafishwa mno, uvimbe mdogo waweza kufutika pamoja na chenga. Ndiyo maana mionzi hupunguzwa, lakini haiondolewi.

Wazazi, tunawashauri hivi:

- Muulizeni daktari kama CT ni ya lazima, au ultrasaundi yatosha.
- Ulizeni kama mashine imewekwa kwa kipimo cha mtoto, si cha mtu mzima.
- Tunzeni picha za zamani na kwenda nazo hospitali, ili mtoto asipigwe tena bure.
- Mama mwenye mimba, au anayedhani anayo, aseme kabla ya kupigwa picha.

Na yule mama wa mwembeni? Akubali, tena bila kuchelewa. Mionzi ya picha haibaki mwilini mtoto akishatoka mashineni. Kuuliza si ujinga, ila kukimbia kipimo kinachohitajika kwaweza kutugharimu mtoto.